Jipsamu si kifusi: namna ya kutumia mabaki ya bodi za dari na kuyamaliza salama

Fundi akishamaliza dari, pembeni mwa sebule hubaki lundo: vipande vya upana wa kiganja, nusu bodi mbili tatu, konisi (urembo wa kingo za dari) zilizovunjika, unga mweupe sakafuni na ndoo ya POP, unga wa jipsamu wa kuchanganya na maji, iliyokwisha ganda. Kwa kawaida lundo hilo hupakiwa kwenye kirikuu au guta pamoja na matofali mabovu na mifuko ya saruji. Lisipofika dampo hutupwa korongoni, au hushindiliwa chini ya jamvi la chumba kinachofuata, na hapo ndipo hasara kubwa inapoanzia.

Nyumba yenye dari la mita za mraba 100 huhitaji bodi kama 35 za mita 1.2 kwa 2.4. Bodi ya unene wa milimita 9 ina uzito wa takriban kilo 20, na ya milimita 12 hufika kilo 25 au zaidi. Mabaki yakiwa sehemu moja ya kumi tu, una kilo 70 za madini mkononi. Karibu zote zina kazi, ila kwa sharti moja ambalo mwongozo huu utalirudia: zikae kavu, na zikae peke yake.

Kilichomo ndani ya bodi

Kiini cha bodi ni jipsamu, yaani salfeti ya kalsiamu iliyoshikamana na maji. Kwa uzito, maji hayo ni kama asilimia 21 ya jipsamu safi, kalsiamu ni asilimia 23 hivi, na salfa ni kama asilimia 18. Kiini kimefungwa kwa karatasi pande zote mbili. Bodi ya kawaida huongezewa wanga na sabuni ya kutoa povu kidogo, vitu visivyo na madhara makubwa. Bodi ya kijani, ile ya bafuni na jikoni, ina nta au silikoni ya kuzuia maji. Bodi ya waridi, ya kukinga moto, ina nyuzi za kioo. Tofauti hizi ndizo zitakazoamua kipande kiende wapi.

Sehemu nne ambazo jipsamu haitakiwi kufika

*Chini ya jamvi na ndani ya zege.* Watu huchanganya jambo hili kwa sababu wamesikia kwamba viwanda vya saruji hutumia jipsamu. Ni kweli hutumia: kiwandani husagwa pamoja na klinka (mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji) kwa kipimo kidogo, kama asilimia 3 hadi 5, ili saruji isigande ghafla. Vipande vya bodi vilivyofukiwa kama kifusi ni jambo jingine kabisa. Unyevu wa ardhini huyeyusha salfeti polepole, gramu kama 2 kwa kila lita ya maji, na salfeti hiyo hupanda kwenye zege na kuunda fuwele zinazovimba. Miaka kadhaa baadaye sakafu hunyanyuka katikati, vigae huachia, nyufa hutokea kwenye maungio na kuta, na fundi wa vigae ndiye anayelaumiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, usitupie unga wa bodi kwenye mchanga wa lipu ya saruji.

*Chooni, kwenye karo au kwenye mtambo wa gesi ya samadi.* Shimo la choo lina maji, lina uchafu wa kuoza na halina hewa. Jipsamu ikiingia humo, bakteria wanaoishi pasipo oksijeni huigeuza salfeti kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa nyingi, gesi hii huua, na kabla ya kuua huzima uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kukosa harufu hakumaanishi usalama. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Marekani waliotandika jipsamu bandani waliona gesi hiyo ikiongezeka sana kwenye mashimo ya samadi ya majimaji. Mwenye mtambo wa gesi ya samadi nyumbani asiruhusu hata ndoo moja iingie: gesi hiyo pia hula vyuma vya jiko na mabomba.

*Dampo, ikichanganywa na taka za chakula.* Kinachotokea ni kile kile cha chooni, kwa kiwango kikubwa. Ndiyo maana England na Wales ziliacha kabisa mwaka 2009 kuruhusu jipsamu izikwe pamoja na taka zinazooza, na jimbo la Massachusetts huko Marekani likapiga marufuku kutupa bodi safi dampo kuanzia Julai 2011. Kwenye dampo la wazi kama Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam au Dandora la Nairobi, wa kwanza kuvuta hewa hiyo ni waokota taka.

*Motoni.* Karatasi itaungua, lakini jipsamu haiwaki. Ikichomwa pamoja na mbao na makaa huweza kutoa gesi za salfa, na ukimaliza unabaki na lundo lile lile, sasa limechanganyika na majivu na misumari.

Hatua ya 1: Punguza mabaki kabla ya kukata

Chukua chumba cha mita 3.6 kwa 4.2. Eneo lake ni mita za mraba 15.12, na bodi moja ni 2.88, kwa hiyo utanunua bodi 6. Laza bodi kufuata upande wa mita 3.6. Kila mstari utachukua bodi nzima moja na nusu bodi, na miisho ipishane ili maungio yasikutane. Mistari mitatu itakula bodi nne na nusu. Unabaki na ukanda wa sentimita 60 kwa mita 3.6. Chukua bodi mpya, ipasue kwa urefu upate sentimita 60 kwa 240, kisha ongeza kipande cha 60 kwa 120 kutoka kwenye ile nusu iliyobaki.

Ukikata hivyo, kinachosalia ni kipande cha 60 kwa 240 na kingine cha 60 kwa 120, vyote vizima na vyenye kona safi. Fundi asiyepiga hesabu atabakiza eneo hilo hilo, ila limegawanyika vipande kumi visivyofaa hata kiraka. Mwambie achore mpango wa kila chumba kwenye karatasi kabla kisu hakijagusa bodi. Vipimo vikianguka vibaya, mara nyingi kuzungusha mwelekeo wa bodi kunatosha, ilimradi chaneli (vyuma vinavyobeba bodi) zipangwe kufuata mwelekeo huo na zisiachane kupita kiasi.

POP nayo ichanganywe kidogo kidogo, kiasi cha kutumika ndani ya dakika kumi. Ndoo ioshwe kila mara, kwa sababu chembe za POP iliyoganda huharakisha kuganda kwa mchanganyiko mpya. Mafundi wengi hudhani mfuko ni mbovu, kumbe ni ndoo chafu. Mabaki ya POP usiyamwage kwenye sinki, yataganda bombani. Yaache yagande ndani ya ndoo laini ya plastiki, ikunje ndoo, yatabanduka yenyewe.

Hatua ya 2: Tenga siku ile ile

Usisubiri mwisho wa kazi. Weka viroba vitatu tangu fundi anapokata bodi ya kwanza, na uviandike kwa kalamu ya wino mzito.

Kiroba cha kwanza ni cha vipande safi vya bodi nyeupe ya kawaida: havijapakwa rangi, havina skimu (tabaka la kulainisha uso), havijalowa. Hivi ndivyo vyenye thamani, na ndivyo pekee vitakavyokwenda shambani. Cha pili ni cha bodi za kijani, za waridi na zile zilizobandikwa plastiki usoni. Hizo zitumike kwa viraka vya aina yake, zisisagwe. Cha tatu ni cha bodi zilizobomolewa: zina rangi, woliputi (uji wa kulainisha ukuta kabla ya rangi), tepu na skrubu.

Kabla hujagusa dari la zamani, hakikisha kwamba kweli ni jipsamu. Bodi ya jipsamu ukiivunja ina karatasi pande zote, na ndani ni nyeupe au kijivu chepesi, laini, inakwaruzika kwa ukucha. Kama shiti ni ngumu, ya kijivu mpaka ndani, haina karatasi na ukingo wake una nyuzinyuzi, inaweza kuwa ni asbesto, ambayo ilitumika sana kwenye mapaa na dari za zamani. Usiivunje, usiikate, usiifagie. Simamisha kazi, funga chumba, na uulize mamlaka ya mazingira ya eneo lako kabla ya kuendelea.

Bodi yenye madoa meusi ya ukungu haihifadhiwi na haikaushwi ili itumike tena. Karatasi ni chakula cha ukungu, na ukiifunika kwa rangi utarudi kuubomoa ukuta huo huo baada ya masika.

Hatua ya 3: Hifadhi

Vipande vikubwa vilazwe. Vikisimamishwa vimeegemea ukuta hupinda, na vikianguka vinaweza kumvunja mtoto mguu. Tandika vipande vya mbao vyenye kimo sawa, vikiachana sentimita 40 hivi, ili bodi iinuke angalau sentimita 10 kutoka sakafuni. Funika juu kwa turubai, lakini pande ziache wazi. Mwambao wa pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, bodi iliyozungushiwa nailoni kila upande hutoka jasho usiku na kulegea. Andika unene mgongoni kwa penseli. Milimita 9 na milimita 12 zikikaa muda mrefu kwenye vumbi zinafanana, na ukikosea kiraka kitatokeza.

Weka akiba ya nusu bodi mpaka bodi moja nzima kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo. Bati likivuja utashukuru.

Hatua ya 4: Tumia kipande kikiwa bado ni bodi

Hakuna njia yenye faida kuliko hii. Chochote chenye upana wa sentimita 10 au zaidi na ukingo ulionyooka kina nafasi yake.

Dari la ngazi hula vipande virefu vyembamba kwa wingi. Uso wa wima kati ya ngazi moja na nyingine, ule unaoficha taa za ukanda, huwa wa sentimita 10 hadi 20. Mwambie fundi akate sehemu hizo kutoka kwenye mabaki, asifungue bodi mpya. Vivyo hivyo kwa kuziba mabomba kwenye kona au kufunika boriti.

Vipande vya upana wa sentimita 20 hufaa kuimarisha maungio. Vinabandikwa kwa POP mgongoni mwa ungio, katikati ya chaneli, kabla bodi inayofuata haijafunga njia ya kufikia nyuma. Nyufa nyembamba zinazojitokeza kwenye dari hutokana na bodi mbili kucheza kila moja kivyake, na kibandiko hiki huzifunga pamoja.

Vipande vidogo ni vya viraka. Kwa tundu lisilozidi sentimita 15, fanya hivi:

1. Kama tundu limesababishwa na maji, ziba kwanza panapovuja. Bonyeza bodi kuzunguka tundu. Ukate mpaka ufike palipo pakavu na pagumu.
2. Linyooshe tundu liwe mraba, tuseme 15 kwa 15. Chagua kipande cha unene ule ule na ukikate 25 kwa 25.
3. Mgongoni, chora mstari sentimita 5 kutoka kila ukingo. Kata karatasi ya nyuma na jipsamu bila kufikia karatasi ya mbele. Vunja, kisha bandua jipsamu ya pembeni. Unabaki na mraba wa 15 kwa 15 wenye mabawa ya karatasi pande zote nne.
4. Paka POP au kijazo cha maungio, kiwe chembamba, kuzunguka tundu. Ingiza kiraka, kandamiza mabawa kwa mwiko mpana ukielekeza nje, hadi uji wa ziada utoke. Ukibakiza uji mwingi chini ya karatasi utapata kivimbe kisichoondoka.
5. Kikikauka kabisa, paka mkono wa pili mpana zaidi, angalau sentimita 40 kwa jumla, kisha piga msasa namba 150.

Tundu kubwa zaidi ya hapo linahitaji mgongo: vipande viwili vya mbao au chaneli ndani ya dari, kisha kiraka kifungwe kwa skrubu za milimita 25 zikiachana sentimita 15 hadi 20. Usining'inize taa wala feni kwenye kiraka, hata kiwe kimefungwa vizuri namna gani.

Hatua ya 5: Saga kilichobaki

Kiroba cha kwanza pekee. Anika vipande kwenye turubai juani siku moja au mbili, kisha ondoa skrubu na tepu ya wavu, ile ya nyuzi za kioo, kwa mkono. Vaa miwani na barakoa ya N95 au FFP2. Kitambaa hakizuii vumbi hili.

Jaza kiroba hadi nusu, kifunge, kilaze kwenye sakafu ngumu, na ukigonge kwa nyundo ya mpira au gogo. Jipsamu huvunjika upesi kuliko karatasi, kwa hiyo karatasi itabaki mapande makubwa unayoweza kuyaokota. Pitisha kwanza kwenye chekeche la mchanga, kisha kwenye wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu ya wavu kirudishwe kwenye kiroba. Mwishoni zungusha sumaku ya spika iliyofungwa kwenye kamba ndani ya unga. Utashangaa ncha za skrubu zitakazonaswa.

Karatasi ikigoma kubanduka, nyunyiza maji, acha usiku kucha, ibandue asubuhi, halafu anika jipsamu upya kabla ya kugonga. Unga wenye unyevu huziba wavu. Wala usithubutu kuupeleka kwenye mashine ya kusaga nafaka, au kutumia kinu cha chakula.

Unga huu hauwi POP. Umekwisha kunywa maji yake yote. Ukiuchanganya na maji upya utapata tope lisiloganda. Ili ugande lazima uchomwe kwa joto la kama nyuzi 150 mpaka upoteze robo tatu ya maji, na kwenye sufuria juu ya jiko sehemu moja itazidi na nyingine itabaki mbichi. Matokeo yake hayaaminiki. Ukiutia kwenye POP mpya ili kuiongeza, POP itaganda mkononi mwako kabla hujafika ukutani.

Hatua ya 6: Peleka shambani

Hapa ndipo kilo 70 zinapopata maana. Zao linalonufaika waziwazi ni karanga. Ganda la karanga halipokei kalsiamu ya kutosha kupitia majani. Hulazimika kuinyonya moja kwa moja kwenye udongo unaolizunguka. Kalsiamu ikipungua kwenye udongo wa kichanga, unavuna maganda matupu mengi ingawa majani yalikuwa ya kijani.

Kipimo cha kawaida ni kilo 400 kwa hekta, sawa na gramu 40 kwa mita ya mraba, au gramu 20 kwa kila mita ya mstari kama mistari inaachana nusu mita. Weka wakati mimea inapoanza kutoa maua, juu ya udongo kando ya shina, pale vikonyo vinavyobeba maganda vitakapozama. Bodi moja ya kilo 20, ukitoa karatasi, inatosha mita za mraba kama 475. Ekari moja inataka kilo 160 hivi, karibu bodi nane na nusu. Pima mara moja kwa mizani, weka alama kwenye kopo, kisha tumia kopo hilo hilo.

Jipsamu haipunguzi uchachu wa udongo. Anayehitaji chokaa anunue chokaa. Kwenye udongo wa matumbawe wa pwani, ambao tayari umejaa kalsiamu, hutaona tofauti. Na usizidishe, hasa kwenye mchanga, maana kalsiamu ikizidi husukuma magnesiamu na potasiamu chini ya mizizi.

Faida nyingine ni kwenye udongo wa magadi, ule unaoganda kama saruji na kutuamisha maji, kama unaopatikana tambarare za chini za Moshi. Jaribu hivi: weka udongo kijiko kimoja kwenye chupa mbili za maji, moja itie nusu kijiko cha unga wa jipsamu, tikisa zote, uziache saa kadhaa. Yenye jipsamu ikitakata huku nyingine ikibaki tope, udongo wako utaitika. Shamba zima hata hivyo hutaka tani kwa hekta, mifereji ya kutoa maji na kipimo cha maabara. Mabaki ya nyumba moja yatatosha bustani ya mboga tu. Muone afisa ugani kwa kipimo.

Karatasi zilizobanduliwa ziingie kwenye mboji, zikiwa zimechanwa na kuloweshwa. Unga kidogo ukizifuata si tatizo, usizidi ndoo moja kwa ndoo ishirini za mboji, na rundo ligeuzwe kila wiki lipate hewa. Mboji iliyokosa hewa ndiyo itakayonuka yai bovu.

Hatua ya 7: Yasiyofaa popote

Kiroba cha pili na cha tatu, baada ya kutoa viraka, ni vya dampo. Vifungwe vikiwa vikavu, mwambie dereva kilichomo, na visimwagwe juu ya taka za sokoni. Mkandarasi mwenye tani kadhaa za vipande safi afanye zaidi: aulize kiwanda cha saruji kilicho karibu, ambacho kwa kawaida hutegemea jipsamu ya kuchimbwa kama ya Makanya, Itigi au Kilwa nchini Tanzania. Aende na sampuli isiyo na karatasi wala chuma, na aseme ana tani ngapi kwa mwezi. Mkandarasi mmoja anaweza kukataliwa kwa uchache wa mzigo. Watatu wakikusanya pamoja wana hoja.

Sakafu yenyewe iachwe mwisho. Usifagie unga mkavu. Nyunyiza maji kidogo au tandaza maranda yenye unyevu, fagia taratibu kuelekea mlangoni, uzoe wote, kisha ndipo upige deki. Ukianza na deki, unga utajipenyeza kwenye maungio ya vigae na kuacha utando mweupe utakaokulazimu usugue mara nne.